Nyumba ya Kamba na Jirani wa Magharibi

Katika zama ambazo milki zilikuwa nyingi na ramani zilikuwa chache, ulikuwako mji uitwao Nuhasi, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghanimu bin Shahbali bin Rajihi, na jina hili yafaa lishikwe kwa ukamilifu, kwani Rajihi, babu yake, ndiye aliyeweka sheria ambayo habari hii yote inaitegemea. Mji uliitwa Nuhasi kwa sababu milango yake mikubwa ilipigiliwa shaba, ambayo Waarabu huiita nuhasi, na jua lilipochomoza ilimetameta hata wasafiri wakaiona milango kabla ya kuuona ukuta.

Sheria ya Rajihi ilikuwa hii: mtu asijenge nyumba ya mawe kabla hajajenga nyumba ya kamba. Mwenye kutaka kujenga alisimamisha boriti katika kila pembe ya kiwanja, urefu wake sawa na urefu wa kuta anazozikusudia, na akafunga kamba kutoka boriti hii hadi ile, na mahali pa dari akafunga kamba nyingine, na kila penye dirisha akatundika kitambaa chekundu. Kisha mpiga mbiu alikwenda na pembe yake, akagonga mlango wa kila jirani na kusema, "Fulani bin Fulani anakusudia kujenga hapa. Tazama kamba zake, na mwenye neno alilete barazani." Kamba zilikaa hivyo mwezi mzima, na majirani wakatoka kutazama, na huyu akaona kwamba dirisha litachungulia ua ambamo binti zake huanika nywele, na yule akaona kwamba maji ya dari yatamwagikia jikoni kwake, na mwingine akaona kwamba njia itabana hata jeneza lisipite na wachukuzi wake. Haya yote yalisemwa mbele ya Kadhi wa Majenzi wakati kosa lingali la kamba, na kamba huhamishwa kwa mkono mmoja. Baada ya hapo Kadhi alitoa kibali chenye masharti na muhuri, na mtu akaanza kujenga.

Sasa, Sultani Ghanimu alikuwa na mke aliyempenda, Sitti Jauhara, naye alipokuwa katika maradhi ya mwisho alimwomba jambo moja, kwamba wagonjwa wa Nuhasi wajengewe nyumba ya tiba katika kiwanja cha serikali kiitwacho Mawio, kilichokuwa nje kidogo ya soko, chenye barabara upande wa mashariki na jabali refu upande wa magharibi. Sultani akaahidi, na Sitti Jauhara akafariki, na ujenzi ukaanza. Lakini kila ukuta ulipofika kimo cha mtu, asubuhi yake ulianguka, na mawe yakatawanyika kama yaliyopigwa teke. Wajenzi wa Sultani walijaribu, na wajenzi waliotoka ng'ambo walijaribu, na watu wakaanza kusema kwamba ardhi ile imelaaniwa, na Sultani akawa hapiti tena njia ile.

Katika mji huo palikuwa na kijana mfanyabiashara wa chumvi, jina lake Hamdani bin Khulfani. Siku moja alipeleka chumvi jumbani, na nyuma ya pazia la ghala ikatoka sauti ya mwanamke ikasema, "Chumvi hii ina mchanga." Watumishi wakaogopa, kwani sauti ilikuwa ya Sitti Qamaria, binti wa Sultani. Hamdani hakuapa wala hakubisha. Alichukua chumvi kidogo, akaionja, akatafuna, kisha akasema, "Ni kweli, Bibi, ina mchanga. Nimeuziwa vibaya nami nikataka kukuuzia vibaya." Akairudisha chumvi yote, gunia kwa gunia. Tangu siku hiyo Sitti Qamaria hakutaka chumvi ya mtu mwingine, na Hamdani hakutaka kitu kingine duniani ila kuisikia sauti ile tena, na hatimaye akajipa moyo, akaenda mbele ya kiti cha enzi kuposa.

Sultani akamtazama sana, akasema, "Ewe Hamdani bin Khulfani, umekuja kuomba jambo kubwa na mikono yako ingali inanuka chumvi."

Hamdani akainamisha kichwa na kujibu, "Maulana, chumvi haijapata kuharibu chakula ila kwa kuzidi, nami nimekuja na kiasi changu."

Baraza likacheka, na Sultani mwenyewe akatabasamu, na kabla hajajibu, sauti ile ikasikika nyuma ya pazia: "Baba, kwa idhini yako. Mahari ni yangu, na mwenye kuyataja ni mimi. Sitaki dhahabu wala lulu. Mahari yangu ni nyumba ya tiba aliyoiomba mama, isimame pale Mawio. Atakayeisimamisha nitamkubali, na nataraji awe huyu."

Jeraha la Sultani lilikuwa limeguswa, naye akasema, "Na iwe hivyo. Mpeni mawe na chokaa na watu."

Hamdani alipotoka, alifuatwa kibarazani na Waziri Sarhani bin Dawahi, mtu mwenye ndevu zilizofukizwa udi, ambaye hakupenda binti wa Sultani aolewe na muuza chumvi. Akamshika bega kwa upole na kumwambia, "Mwanangu, ukimngoja Kadhi wa Majenzi utaoa ukiwa na mvi. Nyumba ya kamba ni ya wauza mboga wanaogombania vichochoro. Wewe una neno la Sultani, na neno la Sultani ni kibali tosha. Wote waliokutangulia walianza hivyohivyo."

Laiti Hamdani angeyapima maneno hayo ya mwisho, angejua la kufanya. Lakini mwenye kupenda hupungukiwa masikio. Aliwaita waashi siku ileile, na ukuta wa mashariki ukapanda kwa haraka ya ajabu, na ulipofika kimo cha mtu, watu wakaja kuutazama na kumpongeza. Asubuhi, mara baada ya jua kutoka, ukuta uliruka. Haukuinama wala haukupasuka. Uliruka, na jiwe moja likaenda kutua katika beseni la unga la Bi Zamzamu, muoka mikate wa upande wa kaskazini.

Waziri Sarhani akamwambia mbele ya watu, "Mimi nilikuambia ujenge. Sikukuambia uangushe."

Hamdani akaitwa jumbani, na Sultani akasema kwa huzuni zaidi kuliko ghadhabu, "Umelijenga tumaini langu na kuliangusha siku mbili baadaye. Nakupa muda mpaka mvua za vuli zianze. Zikianza na nyumba haijasimama, utaondoka Nuhasi, na jina lako halitatajwa katika jumba hili."

Naye Sitti Qamaria akasema nyuma ya pazia, polepole, "Hamdani, siku ile ya chumvi ulionja kabla ya kujibu. Safari hii hukuonja."

Maneno hayo yalimwingia kuliko hukumu, na kutoka pale alikwenda moja kwa moja hadi baraza ya Kadhi wa Majenzi.

Kadhi huyo aliitwa Sheikh Abdulbasiti bin Jabali, mzee mkavu, mchache wa maneno, na juu ya kiti chake palikuwa na kasuku wa kijivu, jina lake Wakili, ambaye alikuwa amesikiliza mashauri mengi hata akajua maneno ya baraza kuliko makarani. Kadhi akamtazama Hamdani na vumbi lake la chokaa, akasema, "Umekuja baada ya kuanguka. Wengi huja hivyo. Kaa."

"Sheikh, nimekosa," akasema Hamdani. "Nataka kuanza kwa kamba."

"Kamba huchukua mwezi, na vuli haiko mbali."

"Najua, Sheikh."

"Basi nenda ukasimamishe boriti."

Boriti zikasimama pale Mawio, na kamba zikafungwa, na vitambaa vyekundu vikapepea mahali pa madirisha, na kwa mara ya kwanza watu wa Nuhasi wakaiona nyumba ya tiba jinsi itakavyokuwa, na wengine walikuja jioni wakaingia kwa mahali pa mlango, wakakaa ndani ya kamba na kuzungumza kama waliomo chumbani. Mpiga mbiu akagonga milango ya kaskazini, na ya kusini, na ya ng'ambo ya barabara. Mwezi ulipotimia, majirani wakaja barazani.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bi Zamzamu. "Sheikh, mimi sina ubaya na wagonjwa. Lakini wagonjwa hukohoa, na madirisha yake matatu yanatazama tanuri langu. Nani atanunua mkate uliokoholewa?"

"Hamdani, una jibu?" akauliza Kadhi.

"Sina jibu, nina kitambaa," akasema Hamdani. "Nitayahamishia barabarani."

"Na jiwe langu?" akaendelea Bi Zamzamu. "Lile lililoingia katika unga?"

"Hilo si shauri la majenzi, Bi Zamzamu," akasema Kadhi.

"Basi nimelifanya kizuizi cha mlango. Halirudi."

Wafuma mikeka wa kusini wakaomba mfereji wa maji usipite penye ukindu wao, na Hamdani akakubali, na karani akaandika masharti, na Kadhi akaushika muhuri na kuupasha juu ya mshumaa. Mbali, juu ya mlima, mawingu ya kwanza yalikuwa yamekwisha kujikusanya.

Hapo kasuku Wakili akasema, "Jirani ameulizwa?"

"Ameulizwa, Wakili," akajibu Kadhi, kama alivyozoea.

"Jirani ameulizwa?" akarudia kasuku.

Watu wakacheka, na karani akampa karanga, lakini kasuku aliitupa chini, akageuza kichwa na kusema tena, "Jirani ameulizwa?"

Waziri Sarhani, aliyekuja kutazama, akasema, "Ndege amechoka, Sheikh. Piga muhuri tukale."

Hamdani aliutazama muhuri, na aliyatazama mawingu, na moyo wake wote ulimtaka anyamaze. Kisha akakumbuka habari ya kuonja. Akasema, "Sheikh, kaskazini ni Bi Zamzamu, na kusini ni wafuma mikeka, na mashariki ni barabara. Wa magharibi ni nani?"

Mpiga mbiu akajibu, "Magharibi ni jabali, bwana."

"Ulipiga mbiu huko?"

"Mimi hugonga milango. Jabali halina mlango. Nigonge wapi?"

"Wala kwa waliojenga kabla yangu hukupiga?"

"Hao hawakuniita kabisa. Na wangeniita, mlango usiopo haugongwi."

Waziri akacheka hata ndevu zikatikisika, akasema, "Mpelekeeni mwamba salamu zangu, na muulizeni kama naye hula mikate."

Lakini Sheikh Abdulbasiti aliuweka muhuri chini. "Sheria ya Rajihi inasema jirani," akasema. "Haisemi mlango. Mlango tumeuongeza wenyewe kwa mazoea, na hilo ni kosa la baraza hii, si la ndege. Hamdani, naweza kukupigia muhuri leo kwa majirani waliokuja. Au naweza kupeleka mbiu magharibi na kungoja. Chagua wewe, kwa maana mvua ni yako."

"Tupeleke mbiu, Sheikh."

Wakaenda wote, Kadhi na makarani na Bi Zamzamu na nusu ya soko, na mpiga mbiu akasimama mbele ya jabali akiona haya, akaipuliza pembe na kusema kwa sauti isiyokuwa kubwa, "Ee mwenye nyumba ya magharibi, kama uko. Hamdani bin Khulfani anakusudia kujenga hapa. Tazama kamba zake, na kama una neno..."

"Ninalo," likasema jabali.

Na mwamba ukapasuka bila kishindo, kama pazia linavyofunguliwa, na akatoka jini ambaye kilemba chake kilikuwa juu kuliko boriti ndefu kuliko zote, na macho yake kama makaa, na pumzi yake yenye harufu ya chuma kilichotoka motoni, lakini miguuni alivaa makubadhi mapya na mabegani joho lililokunjwa vizuri, kama mtu aliyejitayarisha tangu zamani kwenda kutoa ushahidi. Watu wakakimbia, wengine wakaanguka. Mpiga mbiu alibaki amesimama, pembe ingali mkononi.

Jini akamwambia, "Usiogope, bwana. Nimekungoja sana."

Baraza ikafanyika pale pale uwanjani, na karani akauliza jina.

"Barqatusi bin Samandali bin Hurqani," akasema jini. "Na uandike lote, tafadhali. Babu yangu hapendi kuachwa nje."

Waziri Sarhani, aliyekuwa amejificha nyuma ya tanuri la Bi Zamzamu, akapaza sauti kutoka huko: "Sheikh, jini hana haki katika kiwanja cha Sultani. Hana hati na si raia."

"Sheria inasema jirani," akajibu Kadhi. "Haisemi jirani wa aina gani. Barqatusi, umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu kabla bahari haijatiwa chumvi."

"Na kuta za hapa, ni wewe uliyeziangusha?"

"Ni mimi, nami sikatai." Jini akakaa chini ili watu wasiumie shingo kwa kumtazama. "Sheikh, nina mama. Jina lake ni Bibi Hurmuzia binti Lahabu. Ni mzee kuliko jabali hili, na macho yake yamezimika, na mifupa yake imepoa, na kwa jini kupoa ndiyo maradhi yenyewe. Kila asubuhi namtoa mlangoni, na jua likitoka hupita juu ya kiwanja hiki na kumfikia usoni, na hiyo ndiyo dawa yake pekee. Mahali hapa paliitwa Mawio na watu waliojua jambo hilo. Kisha wakaja wasiojua, na asubuhi moja nikamtoa mama akaniuliza, 'Barqa, leo jua halikutoka?' Nikatazama nikaona ukuta. Nikaupiga teke."

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Sisi hatusemi na mwanadamu asiyetuita kwanza. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Nilisema, siku watakaponiuliza nitawajibu. Hawakuniuliza."

Hamdani akasimama, akasema, "Ewe Barqatusi bin Samandali bin Hurqani, mimi ni mmoja wa waliojenga bila kukuuliza, na ukuta wangu uliupiga teke kwa haki. Nataka nyumba ambamo wagonjwa watapata afya, na sitaki ianze kwa kumfanya mama wa mtu augue. Nionyeshe jua linapopita, nami nitaihamisha nyumba yangu, maana kwa sasa bado ni ya kamba."

Jini akainuka, akatazama mashariki. "Kesho asubuhi," akasema.

Asubuhi uwanja ulijaa watu, kwani hakuna aliyetaka kuikosa siku ile. Barqatusi akamtoa mama yake kwa mikono yake miwili, kikongwe mdogo mweupe kama majivu, akamkalisha penye mwamba. Hamdani akamwendea na kusema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Bibi Hurmuzia. "Wewe ndiye wa ukuta?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Ulikuwa ukuta mzuri? Mwanangu hakunieleza."

"Ulikuwa na haraka, Bibi."

Kikongwe akacheka, na hapo jua likatoka. Waashi walikuwa wametandaza shuka juu ya kamba za katikati ili zitie kivuli kama dari ya kweli, na kivuli hicho kilimwangukia kikongwe kifuani na usoni. Hamdani akaamuru kamba zishushwe. Zikashushwa kidogo. "Bado," akasema Bibi Hurmuzia. Zikashushwa tena, na boriti mbili zikasogezwa kaskazini na mbili kusini, na nafasi ikafunguka katikati, kutoka barabarani hadi jabalini. "Bado." Wakashusha tena, na nuru ikashuka kutoka utosini hadi kwenye paji la uso, na kutoka kwenye paji hadi katika macho yake yasiyoona.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo, wanangu. Fungeni."

Wakafunga. Na wagonjwa waliokuwa wamekuja kutazama, waliokuwa wamejikunyata pembeni, wakaingia wenyewe katika nafasi ile na kukaa, kwa kuwa jua la asubuhi lilikuwa zuri na upepo ulikuwa umekatwa na shuka. Hamdani akawaona, akatambua kwamba sharti la jirani limempa kitu ambacho nyumba yake haikuwa nacho: ua wa jua, wenye vyumba huku na huku, ambamo mgonjwa atapata joto kabla ya kupata dawa.

Kadhi akaandika kibali kwa mkono wake: "Katikati ya nyumba hii, kutoka lango la mashariki hadi jabali la magharibi, pawe na ua ulio wazi, na asiuzibe mjenzi, wala mrithi, wala sultani." Akapiga muhuri, na kasuku Wakili akanyamaza, akala karanga yake.

Ni desturi ya Nuhasi kwamba jirani aliyeulizwa akaridhika hutoa mkono siku ya ujenzi, hata kama ni kuleta ndoo ya maji. Barqatusi alileta ukoo wake. Walikuja majini wa moto na majini wa upepo, wakashusha mawe kutoka milimani kama watu wanavyoshusha vikapu vya nazi, na kabla jua halijakaa sawasawa walikuwa wamechimba msingi, wameujaza na kuufukia.

Sheikh Abdulbasiti akafika na fimbo yake. "Msingi uko wapi?"

"Chini," akasema Barqatusi kwa fahari. "Umekwisha."

"Nani aliuona kabla haujafukiwa?"

Majini wakatazamana.

"Fukueni," akasema Kadhi.

"Sheikh, mimi nimejenga mnara katika bahari ya saba..."

"Na bahari ya saba ina kadhi wake. Fukueni."

Wakafukua, na Kadhi akashuka mwenyewe shimoni, akagonga kila pembe, na katika pembe ya kusini akakuta mchanga mlegevu, na msingi ule ukashushwa zaidi. Barqatusi akamnong'oneza Hamdani, "Mzee huyu angekuwa jini, tungemwogopa."

Kuta zikapanda, na asubuhi zikakutwa zimesimama, na asubuhi iliyofuata vilevile, na watu wakaanza kupita njia ya Mawio kwa makusudi ili wazione. Zilipokaribia kumalizika, Sultani Ghanimu akaja na baraza lake lote, na Sitti Qamaria akiwa katika machela yenye pazia. Sultani aliizunguka nyumba akigusa chokaa kwa kiganja, na alipofika katikati ya ua alisimama na macho yakamlowa.

"Hamdani," akasema, "kazi hii imenizidi maneno. Imebaki jambo moja. Hapa katikati, juu ya nafasi hii tupu, jenga kuba kubwa lenye jina la Sitti Jauhara, lionekane kutoka langoni mwa mji. Ukilimaliza, harusi siku hiyohiyo."

Waziri Sarhani akasema haraka, "Rai iliyo bora kabisa, Maulana," kwani alikwisha kulijua sharti la ua lililomo katika kibali.

Hamdani aliinamisha kichwa. Mawingu yalikuwa juu ya mji, na mvua ilikuwa karibu hata mtu angeweza kuinusa, na kila alichokitaka duniani kilikuwa katika neno moja la ndiyo.

"Maulana," akasema, "ningeweza kujenga kuba hilo kabla ya mvua, kwa msaada nilio nao. Lakini nafasi hii si tupu. Ni ya jirani, nimeahidi kutoiziba, na kibali chenye muhuri kinasema vivyo hivyo. Nikivunja ahadi hiyo ili nimpate binti yako, utakuwa umemwoza kwa mtu anayevunja ahadi. Nifukuze, Maulana, lakini siwezi kulijenga."

Sultani akabadilika uso. "Kibali kimetolewa kwa jina langu," akasema. "Nani katika Nuhasi aliye juu yangu?"

Sheikh Abdulbasiti akafungua mdomo, lakini kasuku aliyekuwa begani mwake alimtangulia. "Jirani ameulizwa?"

Na kutoka ndani ya machela Sitti Qamaria akasema, "Baba, swali hilo ni la babu yako Rajihi. Kaulize."

Sultani Ghanimu akasimama kidogo, kisha, mbele ya watu wake wote, akaenda kwa miguu yake hadi penye jabali, ambapo Bibi Hurmuzia alikuwa amekaa juani, akamweleza kwa unyenyekevu habari ya mkewe, na nyumba aliyoiomba, na kuba alilotaka kulijenga.

Kikongwe akasikiliza, akauliza, "Mkeo aliomba kuba?"

"Aliomba nyumba ya wagonjwa."

"Mwenyewe alikuwa mgonjwa?"

"Muda mrefu, Bibi."

"Alipokuwa mgonjwa, asubuhi alitaka akalishwe wapi?"

Sultani alikumbuka jinsi Sitti Jauhara alivyokuwa akimwomba kila siku amfungulie dirisha la mashariki. Akaliondoa joho lake la kifalme, akalitandika chini karibu na kikongwe, akakaa, na jua likampiga usoni. Alikaa hapo mpaka wapambe wakaanza kuona wasiwasi. Aliposimama alisema, "Ua huu utaitwa Ua wa Sitti Jauhara, na pasiwe na mtu wa kuuziba, wala mimi. Na kama kuba litajengwa, liwe juu ya vyumba vya kaskazini, nalo lianze kwa kamba."

"Kamba zake nitazitazama," akasema Bi Zamzamu kutoka tanurini.

Siku chokaa ya mwisho ilipopakwa, mvua za vuli zikashuka kwa nguvu, zikapiga usiku na mchana, na watu walipotoka asubuhi wakaikuta nyumba imesimama imara, maji yakipita katika mfereji mbali na ukindu wa wafuma mikeka, na wagonjwa wa kwanza wakiingia langoni. Harusi ya Hamdani bin Khulfani na Sitti Qamaria binti Ghanimu ilifanyika wiki ile ile, na mji wote ulikula, na majini walikula pia, mikate ya Bi Zamzamu wakiimaliza kwa mabeseni.

Barqatusi alimpa bwana harusi pete ya chuma cheusi na kumwambia, "Ukiwa na kazi ya kujenga, isugue, nami nitakuja na ukoo wangu. Kibali kikiwapo."

Kwa pete ile Hamdani alijenga madaraja na visima na masoko katika milki nyingi, na wafalme walimlipa kwa meli za bidhaa, na utajiri wake ukawa mkubwa, na hakuna ukuta wake hata mmoja ulioanguka. Waziri Sarhani aliiazima pete hiyo mara moja kwa ujanja, akaisugua nyumbani kwake, ambako alikuwa ameongeza ghorofa bila kumwambia mtu, naye akataka ya pili. Barqatusi akatokea, akaitazama ghorofa, akanyoosha mkono. "Kibali?" akauliza. Ghorofa ile Waziri aliibomoa mwenyewe, jiwe kwa jiwe, akisimamiwa na Kadhi, na majirani zake, ambao ilikuwa imewanyima upepo, walimletea maji ya kunywa.

Hayo ndiyo yaliyotokea Nuhasi katika enzi ya Ghanimu bin Shahbali bin Rajihi. Na anayetaka faida ya habari hii aichukue: kamba ni nyepesi na jiwe ni zito, basi uliza wakati wa kamba. Na ukizunguka kiwanja chako pande tatu ukaona watu wote wameridhika, zunguka na upande wa nne, hata kama huko huoni mlango.